Gomeri mwana wa Yafethi: shajara ya kutengeneza ramani na jedwali la jina moja

13 Januari 2024: Shabaha na vifaa

Darasa letu la Biblia limeipitia sura ya 10 ya kitabu cha Mwanzo mara nyingi, na kila mara wana wa Yafethi wametajwa kwa haraka bila mtu kuuliza walikuwa watu gani na waliishi wapi. Mradi huu unachukua jina moja tu kati yao, Gomeri, anayetangulia katika orodha ya wana wa Yafethi na ambaye ni baba wa Ashkenazi, Rifathi na Togarma. Kinachotakiwa mwishoni ni bango moja la ukutani lenye ramani na jedwali, pamoja na karatasi ya kurasa mbili ya kugawa darasani. Ninaandika kila hatua inapokamilika, ili darasa jingine linalotaka kufanya kazi kama hii kwa Mesheki, Madai au Yavani lipate pa kuanzia.

Nimemchagua Gomeri kwa sababu Biblia inamtaja kwa mistari michache sana, ilhali maandishi ya mataifa jirani yanalitaja taifa lenye jina hilo kwa wingi. Sababu nyingine ni nzito zaidi. Katika mahubiri mengi kuhusu Ezekieli 38 jina hili hutolewa kama jina la nchi fulani ya Ulaya ya leo, na wasikilizaji hawana namna ya kupima dai hilo. Mtu anayeheshimu Maandiko anastahili kupewa namna ya kupima.

Vifaa vya kuanzia ni Biblia ya Union Version, itifaki ya Biblia (orodha ya maneno na mistari yanamopatikana) ya kuazima, daftari na kadi ngumu. Gharama: shilingi 6,500 kwa daftari na kadi, na shilingi 10,000 za bando la intaneti.

27 Januari: Kukusanya mistari

Kazi ya itifaki ni nyepesi, lakini ina mtego mmoja. Chini ya jina Gomeri yamo mambo mawili yasiyohusiana: mwana wa Yafethi, na Gomeri binti Diblaimu, mke wa nabii Hosea (Hosea 1:3). Anayekusanya mistari kwa jina pekee atawachanganya. Kila mstari sasa una kadi yake, na juu ya kadi imeandikwa kama unahusu mtu, taifa au mahali.

Baada ya kumtenga mke wa Hosea, mistari ya Gomeri mwenyewe inabaki Mwanzo 10:2-3, 1 Mambo ya Nyakati 1:5-6 na Ezekieli 38:6. Wanawe wanaongeza mingine miwili yenye thamani kubwa: Ezekieli 27:14, ambapo watu wa nyumba ya Togarma wanauza farasi, farasi wa vita na nyumbu katika soko la Tiro, na Yeremia 51:27, ambapo falme za Ararati, Mini na Ashkenazi zinaitwa kupigana na Babeli. Hata kabla ya kufungua kitabu kingine chochote, mistari hii miwili inaelekeza macho kaskazini, kwenye nyanda za farasi na milima ya Ararati.

Tahadhari kwa atakayeiga: katika nakala nyingi za Kiebrania za 1 Mambo ya Nyakati jina la Rifathi limeandikwa Difathi, kwa sababu herufi za r na d katika Kiebrania hufanana sana. Jambo hilo hilo limewapata Dodanimu wa Mwanzo 10:4, ambao katika Mambo ya Nyakati wanasomeka Rodanimu. Ni vema kadi moja ibebe maandishi yote mawili.

17 Februari: Mti wa ukoo haukufaa

Jaribio la kwanza la kupanga habari lilikuwa mti wa ukoo wa kawaida uliochorwa kwenye manila, Nuhu akiwa juu, wanawe watatu chini yake, na matawi yakiteremka. Ulipendeza ukutani. Hata hivyo ulishindwa, na aliyeushinda ni sura yenyewe ya 10.

Jaribu kuweka mstari wa 13 na 14 kwenye mti: Misri anawazaa Waludi, Waanami na wenzao, na haya ni majina ya makabila, si ya watu mmoja mmoja. Mstari wa 15 unasema Kanaani alimzaa Sidoni, na Sidoni ni mji wa bandari unaojulikana. Mstari unaofuata unaendelea na Myebusi, Mwamori na Mgirgashi. Ugumu mkubwa zaidi uko kwa Sheba na Havila, ambao wanatokea miongoni mwa wazao wa Kushi katika mstari wa 7, kisha wanatokea tena miongoni mwa wana wa Yoktani, upande wa Shemu, katika mstari wa 28 na 29. Mti wa ukoo hauwezi kulibeba jina moja kwenye matawi mawili ya ndugu wawili, lakini ramani inaweza, kwa kuwa watu wa eneo moja wanaweza kuwa na udugu na majirani wa pande zote mbili.

Mwandishi wa sura hii anasema mwenyewe alichokuwa akikifanya. Kila fungu linafungwa kwa maneno ya jamaa, lugha, nchi na mataifa. Kwa hiyo nimeuacha mti, nikachukua jedwali lenye safu nne: jina katika Biblia, jina katika maandishi ya mataifa mengine, nani alisema, na alisema lini. Safu ya nne ilionekana ya ziada wakati wa kuchora. Baadaye ndiyo iliyookoa mradi.

Gharama: manila nne kwa shilingi 4,000 na kalamu za wino mzito kwa shilingi 4,500.

9 Machi: Maandishi ya Ashuru

Hatua hii ilihitaji bando jingine la shilingi 10,000, nami ningelilipa mara mbili.

Wafalme wa Ashuru waliotutajia taifa la Gomeri ni wafalme ambao msomaji wa Biblia anawajua tayari. Sargoni anatajwa katika Isaya 20:1, Senakeribu ndiye aliyeizingira Yerusalemu siku za Hezekia, na Esar-hadoni ndiye aliyetawala baada ya Senakeribu kuuawa na wanawe waliokimbilia nchi ya Ararati (2 Wafalme 19:37). Karibu mwaka 714 KK, Senakeribu akiwa bado mwana wa mfalme, alimwandikia baba yake Sargoni taarifa za wapelelezi wa mpakani: mfalme wa Urartu, yaani Ararati, alikuwa ameingia nchi ya Gamir na jeshi lake likavunjwa vibaya. Huku ndiko kutajwa kwa kwanza. Maandishi ya Ashuru yanawaita watu hao Gimirrai, Wagiriki waliwaita Kimmerioi, nami katika bango nimewaita Wakimeri. Tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale inaliandika jina la mwana wa Yafethi kama Gamer, yaani karibu kabisa na ile Gamir ya barua.

Mwaka 679 KK Esar-hadoni alimshinda chifu wao Teushpa huko Hubushna, kusini mwa Anatolia, ambayo leo ni Uturuki. Kisha inakuja habari ambayo nimeipa nafasi kubwa kuliko zote katika karatasi ya kugawa. Imeandikwa kwenye nguzo ndogo ya udongo uliochomwa yenye pande 10, ambayo Hormuzd Rassam aliichimbua Ninawi na sasa iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Mfalme Ashurbanipal anasimulia humo kwamba Guggu wa Luddi, yaani Gyges mfalme wa Lidia magharibi mwa Anatolia, nchi ya mbali ambayo baba zake hawakuwahi hata kuisikia, aliota ndoto iliyomwamuru ashike miguu ya mfalme wa Ashuru ndipo awashinde adui zake. Gyges alituma mjumbe, akawashinda Wakimeri, akapeleka Ninawi machifu wao wawili wakiwa wamefungwa pingu. Baadaye alijitegemea, akampelekea askari mfalme wa Misri aliyeasi, na Ashurbanipal akaomba maiti yake itupwe mbele ya adui zake. Wakimeri wakarudi, wakaikanyaga nchi yake yote. Gyges alikufa karibu mwaka 644 KK. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, naye anaeleza kwamba katika siku za mwanawe Ardys waliuteka mji wa Sardi isipokuwa ngome yake ya juu, na kwamba mjukuu wa Ardys, Alyattes, ndiye aliyewafukuza Asia. Sardi ni ile ile ya Ufunuo 3.

Majirani wa Gomeri katika Mwanzo 10 wanajipanga kando yake bila kulazimishwa. Tubali ni Tabal, nchi ya milimani ambako Sargoni alifia vitani mwaka 705 KK. Mesheki ni Mushki, ambao mfalme wao Mita ndiye Midas wa Frigia wa Wagiriki. Madai ni Wamedi, na Yavani ni Wagiriki wa pwani ya magharibi ya Anatolia. Togarma ni Til-Garimmu, mji ambao jeshi la Senakeribu liliuteka mwaka 695 KK na ambao kwa kawaida huwekwa karibu na Gürün ya leo. Ashkenazi wanalinganishwa na Ashkuzai, yaani Waskithi, wapanda farasi ambao mfalme wao Ishpakai alipigana na Esar-hadoni. Rifathi peke yake hana mwenzi anayekubalika katika maandishi ya Ashuru, na kisanduku chake katika safu ya pili nimekiacha kitupu. Si haki kukijaza ili jedwali lipendeze.

Hapa pana jambo ambalo limenishughulisha kuliko mengine yote katika mradi. Ikiwa majina ni mataifa, neno “mwana” linamaanisha nini? Kwa Ashkenazi, utaratibu wa orodha unafanana na utaratibu wa historia: Wakimeri wanatajwa na Waashuri katika siku za Sargoni, Waskithi wanafuata katika siku za Esar-hadoni, na Herodotus anasema Waskithi ndio waliowasukuma Wakimeri kutoka nchi yao ya kwanza. Aliyetangulia kujulikana kusini ameitwa baba, na aliyefuata ameitwa mwana. Kwa Togarma maelezo hayo hayafai hata kidogo, maana jina la Tegarama linaonekana katika mabamba ya wafanyabiashara wa Ashuru waliokuwa Anatolia karne ya 19 KK, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya mtu yeyote kuwataja Wakimeri. Togarma ni mwana kwa sababu ya mahali, si kwa sababu ya umri: mji wake ulikuwa ndani ya eneo ambalo Wakimeri walilipitia na kulitawanya. Naona basi kwamba orodha inatumia lugha moja ya ukoo kubeba uhusiano wa aina mbalimbali, wa kutangulia, wa ujirani na wa kuwa chini ya mtu, jambo ambalo watu wa makabila yetu wanalielewa upesi, kwa kuwa nasaba zetu za kusimuliwa nazo humwita mwana yule aliyepokewa, aliyeshindwa na aliyehamia.

30 Machi: Mashahidi waliochelewa

Jaribio la kuanzia kwa Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyemaliza kitabu chake cha mambo ya kale karibu mwaka 94 BK, liliipeleka ramani mahali pengine kabisa. Yeye anasema Gomeri ni baba wa Wagalatia. Safu ya nne ya jedwali ikatoa jibu: Wagalatia, wale wale walioandikiwa waraka na Paulo, ni Waselti, watu wa kale wa Ulaya, waliovuka kuingia Anatolia mwaka 278 KK, muda mrefu baada ya Ezekieli kulitaja jina la Gomeri. Josephus alitazama nani anaishi katika nchi ile wakati wake, akampa yeye jina la kale. Ushahidi wake ni wa kweli kuhusu karne ya kwanza, na ndivyo ulivyoingizwa.

Mwamba wa Behistun nchini Iran ulileta ugumu wa namna nyingine. Mfalme Dario wa Uajemi aliandika ushindi wake hapo kwa lugha tatu karibu mwaka 520 KK, na pale ambapo Kiajemi kinataja Saka, wapanda farasi wa nyika, maandishi ya Kibabeli yanasema Gimirri. Kwa kufuata hilo peke yake Gomeri angehamia Asia ya Kati. Lakini kufikia wakati huo Wakimeri wenyewe walikuwa wamekwisha kutoweka, na waandishi wa Babeli walikuwa wakilitumia jina lao kwa kila taifa la wapanda farasi kutoka kaskazini. Jina limeingia jedwalini, nukta haikuingia ramanini.

Mtego mbaya kuliko yote ni Berossus. Alikuwapo kuhani wa Babeli wa jina hilo katika karne ya 3 KK, na vipande tu vya kazi yake vimebaki. Mwaka 1498 Annius wa Viterbo alichapisha huko Italia maandishi aliyodai ni ya Berossus, ambamo Gomeri anakuja kuanzisha makazi Italia. Yalikuwa ya kughushi, lakini yalinukuliwa Ulaya nzima kwa vizazi. Ukikutana na Gomeri nchini Italia, uliza kwanza ni Berossus yupi.

Wales, nchi iliyo magharibi mwa Uingereza, nayo ilimdai. Paul-Yves Pezron alichapisha mwaka 1703 hoja kwamba Waselti wametoka kwa Gomeri, na Wawelisi waliipokea kwa furaha kwa sababu nchi yao wanaiita Cymru. Gazeti la kwanza la kila wiki la Kiwelisi, lililoanza Swansea mwaka 1814, liliitwa Seren Gomer, yaani Nyota ya Gomeri. Wanaisimu wameonyesha kwamba Cymru imetokana na neno la kale la Waselti la Britania lenye maana ya watu wa nchi moja.

Shahidi mmoja aliyechelewa amenifurahisha. Kitabu cha Yubilei, maandishi ya Kiyahudi ya karne ya 2 KK, kimehifadhiwa kikamilifu katika lugha ya Ge'ez huko Ethiopia pekee, na kinampa Gomeri fungu la kaskazini mpaka mto Tina, ambao wengi wanauona kuwa ni mto Don. Herodotus alikuwa ametaja ngome na vivuko vyenye jina la Wakimeri karibu na mlango wa bahari ambao sasa unaitwa Kerch, hatua chache ramanini kutoka mdomo wa mto huo.

27 Aprili: Ramani

Njia ya mkato ilikuwa kupiga picha ya ramani iliyo nyuma ya Biblia na kuipeleka kwa mchapaji wa mabango. Picha ya simu ikikuzwa kufikia mita moja na nusu, pwani inageuka ukungu na majina hayasomeki, na ramani yenyewe inaishia kusini mwa Bahari Nyeusi. Mchapaji aliichapa bila kuonya, na shilingi 18,000 hazikurudi.

Suluhisho ni kuchora kwa mkono kwenye manila zilizounganishwa, kuanzia latitudo 34 hadi 48 Kaskazini na longitudo 24 hadi 50 Mashariki. Miraba yenye pande sawa ya sentimita 5 iliivuta Bahari Nyeusi kwenda mashariki na magharibi mpaka ikafanana na mto mpana, kwa sababu katika latitudo hizo digrii moja ya longitudo ni fupi kuliko digrii ya latitudo. Atakayeiga atumie sentimita 5 kwa latitudo na sentimita 4 kwa longitudo. Mchoro wote utakuwa sentimita 104 kwa 70, na bango la mita 1.5 kwa 1 litabaki na nafasi ya jedwali pembeni.

Vituo nilivyoviweka, latitudo ikitangulia, ni Kerch (45.3, 36.5), Ziwa Van katikati ya Urartu (38.6, 43), Ninawi (36.4, 43.2), Gürün (38.7, 37.3), Gordion mji mkuu wa Frigia (39.7, 32) na Sardi (38.5, 28). Gomeri hana nukta. Taifa lililokuwa likihama haliwekewi nukta, limewekewa mshale unaotoka kaskazini, unapita karibu na Urartu ukiandikwa 714 KK, unageukia Anatolia ukiandikwa 679, na kuishia Sardi ukiandikwa 644.

Mchoro ulipigwa picha kwa skana ya mchapaji mwingine na kuchapwa kwa shilingi 18,000. Herufi za majina ziwe na urefu wa sentimita 2 angalau, la sivyo waliokaa nyuma hawasomi.

8 Juni: Bango darasani

Karatasi ya kugawa ilitolewa fotokopi 40 za kurasa mbili, shilingi 8,000. Jumla ya mradi ni shilingi 79,000, ikiwemo ile hasara ya bango la picha.

Swali la kwanza lilitoka kwa mzee mmoja wa kanisa: “Mwalimu, mbona tumefundishwa kwamba Gomeri ni Ujerumani?” Jibu liko katika safu ya nne. Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, inamweleza Gomeri kwa jina Germamya, ambalo wengi wamelisoma kama Germania, na Wayahudi wa Ulaya ya kati, kufikia karne ya 11 BK, walikuwa wakiiita Ujerumani Ashkenazi. Hiyo ni historia ya Wayahudi wakiishi ugenini na kuzipa nchi mpya majina ya kale. Ezekieli aliandika miongoni mwa mateka huko Babeli mwanzoni mwa karne ya 6 KK, wakati ambapo babu za wasikilizaji wake waliweza kukumbuka habari za Wakimeri, na kwao Gomeri na Togarma walikuwa wapanda farasi wa kaskazini. Mzee alitaka kuona mstari wa Ezekieli 27:14 kwenye ramani, tukaufuatisha kwa kidole kutoka Gürün kuelekea Tiro, ambayo iko kusini kidogo ya ukingo wa ramani.

Dada mmoja kutoka Burundi aliuliza kama kazi ya namna hii ina faida kwa watu wa kawaida. Nilimjibu kwa mfano anaoujua kuliko mimi. Mwaka 1863 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alichapisha kitabu kilichodai kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walitoka Ethiopia, akiwaunganisha na wana wa Nuhu, na wazo hilo la Wahamu, yaani wazao wa Hamu mwana wa Nuhu, likafundishwa katika shule za wakoloni Rwanda na Burundi kama historia. Mwanzo 10 haisemi lolote juu ya Watutsi wala Wahutu. Waliolichukua jina kutoka katika orodha hii na kuwabandika watu walio hai hawakuandika kamwe nani alisema na alisema lini.

Marekebisho mawili yameombwa na yataingia katika chapa ijayo: rangi tofauti kwa mashahidi wa kabla ya mwaka 500 KK na wa baadaye, na mstari wa Yeremia 51:27 uwekwe kando ya Ziwa Van. Kadi za Togarma zimekwisha kutengwa, na kundi la vijana litaanza nazo mwezi Julai.